Ni Mungu peke yake aliyepita kati ya vipande

Wapendwa, ukitaka kujua uaminifu wa Mungu umesimama juu ya nini, fungua Mwanzo 15 usome taratibu. Abramu anaambiwa alete mtamba, mbuzi jike na kondoo dume, kila mmoja wa miaka 3, pamoja na hua na kinda la njiwa. Wale watatu akawapasua katikati, nusu ikaelekeana na nusu, ndege hakuwapasua. Tai wakaishukia mizoga, naye akawa anawafukuza.

Kwa nini kupasua? Jibu liko Yeremia 34:18-20. Waliofanya agano walipita kati ya vipande vya ndama, na aliyelivunja alistahili yaliyompata yule ndama. Sasa rudi Mwanzo 15:17: jua limekuchwa, giza limeingia, na kinachopita ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto, ishara ya Mungu mwenyewe. Abramu hapiti! Tangu mstari wa 12 usingizi mzito umemshika. Mungu amejifunga mwenyewe, na hapa ndipo ningependa kila Mkristo atulie kidogo.

Wengi tunakosea kwa kuipima ahadi kwa kalenda. Abramu, aliyeahidiwa uzao, alitoka Harani ana miaka 75. Njia ya mkato kupitia Hajiri, mjakazi wa mkewe Sara, ilimpa Ishmaeli akiwa na 86, na ugomvi nyumbani. Isaka akazaliwa baba yake ana 100, tena kwa Sara, na kwa jina lile lile lililotajwa Mwanzo 17:19.