Siku moja na bloki zangu za volkano, Goma

Saa kumi na moja na nusu asubui nishaamka, sababu si simenti, ni maji. Ziwa unaliona pale chini lakini bidoni ya lita 20 inakufikia kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, ama baiskeli na unailipa, na bloki zangu zinakunywa kuliko watu. Namwagilia za juzi na za wiki iliyopita, narudisha magunia juu yake, ndio chai.

Saa moja moteri inawaka, leo umeme uko, Mungu asifiwe. Tuko na pipa la chuma lenye mipira ya chuma ndani, linazunguka, tunaingiza changarawe ya volkano iliyokauka juani na masaa baadaye inatoka unga. Unga kabisa, laini kama wa muhogo. Hapo ndio wengi wanapotea, wanasikia puzolani, yaani unga kama huu wa volkano, inashika nafasi ya simenti basi wanachota mchanga mweusi njiani wanamwaga, wanapunguza simenti, bloki inavunjikia mkononi halafu wanatukana volkano. Mchanga ni mchanga bana, usiposagwa hausaidii simenti chochote. (Mwanzoni nilipeleka kwenye mashini ya kusaga mahindi, mama mwenye mashini akanifukuza na ufagio. Alikuwa na haki.)

Saa tatu tunachanganya. Kilo 40 za simenti, kilo 10 za unga wetu, yaani asilimia 20. Kijana wangu kila siku: "Bosi, si tufanye nusu kwa nusu tupate faida?" Namwambia hivi, simenti ikishika maji inaacha chokaa ya ziada isiyo na nguvu, na unga wa volkano unaila ile chokaa pole pole unatengeneza gundi ingine inayofanana na ya simenti. Sasa ukipunguza simenti sana chokaa itatoka wapi? Unga unaobaki ni mzigo tu. Na ile "pole pole" ndio inanitesa.

Saa tano amekuja mama mmoja anajenga, na masoni wake, fundi wa kujenga. Masoni akagonga bloki ya siku 7 na nyundo, akanitazama kama mwizi. "Hii bado mbichi." Kweli iko mbichi, ya simenti tupu ya siku 7 inaishinda. Nikamtolea ya siku 28, hapo na ya simenti tupu zimekaribiana, nikamtolea ya siku 90 akagonga, akagonga tena, akanyamaza. Mama akasema, "Papa, nimeelewa, lakini mvua itaningoja mimi siku 28?" Sikuwa na jibu. Alichukua za simenti tupu kwa msingi, na za puzolani ameagiza za ukuta wa juu. Afazali hivyo kuliko nimdanganye.

Bugali na samaki sambaza, haraka.

Saa nane napeleka vipande vya majaribio vikabanwe kwenye mashini, foleni, nimekaa kwenye jiwe la lava ya 2002, ile iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani. Nikawa nafikiri, kiwandani wanachoma mawe ya chokaa na udongo karibu digrii 1,450 ndio wapate simenti, na moshi wa kaboni unatoka kwa makaa na kwa yale mawe yenyewe, halafu mfuko unavuka mpaka wa nchi, unatufikia na bei yake. Mlima wetu Nyiragongo ulichoma ya kwake bila kumuuliza mtu. Umetuharibia nyumba mara ngapi, 1977, 2002, 2021, angalau utuachie unga.

Saa kumi na mbili narudi nyumbani, namwagilia tena. Hii ndio siri ambayo hakuna anayetaka kusikia: ile kazi ya chokaa na unga inahitaji maji kwa muda mrefu, bloki ikikauka mapema inabaki pale pale. Bidoni ya mwisho ikaisha na mstari mmoja bado, nikaingia jikoni kimya nikachukua ile ya pale.

"Baba Furaha! Maji ya kuoga iko wapi?"

Nikaendelea kufunika magunia.