Sekunde 21

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini zinazotuletea intaneti, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kwa muda mrefu baada ya siku ile, kila mteja aliyepiga simu kwenye dawati letu la kuhudumia wateja Dar es Salaam kulalamika kuwa mfumo haufunguki alijibiwa kuwa ni waya. Mara nyingi ilikuwa kweli. Lakini jibu lile liliwaonea watu, na mmoja wao ni mhasibu wa hospitali ya misheni, Nyanda za Juu Kusini.

Alikuwa akitumia mfumo wetu kutoa ankara na kupokea malipo. Tangu mwanzo alisema jambo lilelile: akishaingia, ukurasa unabaki mweupe, na wagonjwa wamejipanga dirishani. Aliambiwa asubiri waya utengenezwe. Ukatengenezwa, ukurasa ukabaki mweupe. Simu yake ilipofika kwangu, mwezi Juni, alikuwa ameshachoka nasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na wewe utaniambia habari za waya?"

Akanieleza kuwa kwenye kompyuta ile ile barua pepe inafunguka, tovuti ya TRA inafunguka, na kwamba akitumia bando la simu yake hata mfumo wetu unafunguka. Mtu anayesema hivyo ameshafanya nusu ya uchunguzi, na iliniuma kwamba hakuna aliyeyaandika maneno hayo popote. Nikamwomba anirekodie.

Picha ya skrini nyeupe haikuambii kitu. Lakini kivinjari chenyewe kinajua kila kilichoomba, kwa nani, saa ngapi, kilijibiwa nini na kilingoja muda gani, na kinaweza kuyaandika yote hayo kwenye faili moja la HAR. Nikamwelekeza kwa simu: abonyeze F12, afungue sehemu iliyoandikwa Network, aweke tiki kwenye Preserve log ili kumbukumbu isifutike ukurasa ukibadilika, kisha aingie kwenye mfumo kama anavyoingia siku zote. Akimaliza abonyeze kimshale kinachoangalia chini, ahifadhi.

Nikamsihi asilitume kwenye kundi la WhatsApp ambako wateja wote hutuma picha zao, alitume kwa barua pepe yangu tu. Faili la namna ile hubeba vidakuzi, yaani alama ndogo ambazo tovuti hukutambua nazo ukishaingia, na ukirekodi unapoingia, hata nywila huwa imo ndani, inasomeka. Oktoba 2023 kampuni ya Okta ya Marekani ilitangaza kuwa wavamizi waliingia kwenye mfumo wake wa kuhudumia wateja, wakachukua mafaili ya HAR na kutumia tokeni zilizokuwamo, yaani vibali vya mtu aliyekwisha kuingia, kuingia kwenye mifumo ya wateja wenyewe. Mwaka uliofuata, kuanzia toleo la 130, kivinjari cha Chrome kikaanza kuondoa vidakuzi kabla ya kuhifadhi. Mwezi ule wa Juni ilikuwa bado.

Faili lilipofika nililisoma mstari kwa mstari. Kwanza vichwa vya maombi, ambamo kivinjari hujitambulisha: Windows NT 6.1, yaani Windows 7. Kisha ombi la ukurasa wetu: hali 200, yaani limefanikiwa, na jibu lilikuja ndani ya sekunde moja. Hapo habari za waya zikaisha, maana kama njia ya kuja kwenye seva yetu ingekuwa mbovu, ningeiona kwenye mstari huo. Mitindo ya ukurasa ikaja, nembo ikaja. Halafu skripti moja, yaani programu ndogo, ya kuchora grafu, inayochukuliwa kwenye seva ya watu wengine nje ya nchi: hali 0, yaani hakuna jibu lolote, muda milisekunde elfu ishirini na moja na kidogo.

Namba ile naipenda kwa sababu inasema mengi. Windows 7 ikibisha hodi kwenye seva isipojibiwa hungoja sekunde 3, hubisha tena na kungoja 6, kisha 12, ndipo hukata tamaa. Jumla 21. Seva ingekataa, jibu la kukataa lingerudi papo hapo. Hapa hakuna aliyekataa wala aliyekubali. Kuna kitu njiani kilichokuwa kikimeza hodi kimya kimya. Na kwa kuwa skripti ilikuwa juu kabisa ya ukurasa, bila agizo la kusubiri nyuma, kivinjari hakikuchora chochote mpaka ipatikane au ishindikane.

Rekodi ilinionyesha na jambo jingine. Ombi la ukurasa lilijirudia, safari hii baada ya sekunde nane, safari ile kumi na mbili, na kila mara hesabu ya 21 ilianza upya. Ndiye yeye huyo, akipakia upya huku watu wanamtazama dirishani. Nani angekaa sekunde 21 mbele ya mgonjwa?

Nikampigia kuuliza kama hospitali ina faiawoli, yaani kizuizi kinachochuja mawasiliano ya mtandao. Ilikuwepo, ikiruhusu anwani zilizoorodheshwa tu. Yetu ilikuwa kwenye orodha. Ile ya grafu iliingia na toleo jipya la mfumo wetu lililotoka juma lile lile la nyaya, na ndiyo maana hakuna aliyetafuta sababu nyingine.

Hatukumwomba mtu wa hospitali aongeze anwani. Tuliihamishia skripti kwenye seva yetu na kuitoa kwenye njia ya ukurasa, kwa sababu kutoa ankara hakuhitaji grafu. Nikafuta faili, nikamwomba abadilishe nywila.

Muda si mrefu ikaja rekodi nyingine kutoka hospitali ileile, ya duka la dawa. Mhasibu ndiye aliyewafundisha kurekodi. Hiyo ilikuwa na hali 504 kwenye ripoti ya mwezi, yaani muda wa kungoja jibu umekwisha, seva yetu ikijingoja yenyewe, nikaipeleka moja kwa moja kwa mtu wa hifadhidata.