Kupima ufifiaji wa mtetemo: vibao vya mninga kwa ajili ya marimba

Vipande vyote vina urefu wa mm 300, upana mm 25 na unene mm 6: flatibaa ya chuma na ya alumini za kulinganishia, na vibao vya mninga vilivyopigwa randa, nyuzi zikifuata urefu. Upana na unene visikaribiane, maana kipande kitatetemeka pande mbili kwa masafa yanayokaribiana na sauti itapanda na kushuka. Rekodi ya hivyo haipimiki.

Kipande kinaning'inia kwenye vitanzi viwili vya mshipi wa nailoni, kila kimoja mm 67 kutoka ncha yake (0.224 ya urefu). Hapo kipande hakisogei kikiwa kwenye mtetemo wake wa kwanza, yaani ule wa sauti ya chini kabisa. Ukikosea hapa umeharibu yote: chuma hupoteza nishati kidogo mno, hivyo kitanzi kikihama kidogo tu unapima mshipi, si chuma. Sogeza vitanzi mm 2 ndani, kisha nje, upime tena. Namba ya ufifiaji ikiyumba, bado mshipi unakula nishati.

Gonga katikati, kwa wepesi, kwa kinyundo cha plastiki. Ukigonga hapo mtetemo wa pili hauamki. Maikrofoni ikae cm 3 chini ya kipande bila kukigusa. Simu zinadanganya sana: nyingi hupandisha sauti zenyewe kadiri inavyofifia, na mkia wa wimbi ukatoka mrefu kuliko ulivyo. Afadhali kompyuta na Audacity (programu ya kurekodi sauti), bila marekebisho yoyote ya sauti.

Chuma hutoa hezi 350 hivi, na alumini karibu hizo hizo, kwani uwiano wa ugumu na uzito wao unakaribiana. Ikitofautiana sana, pima unene upya; 0.1 mm tu huhamisha hezi 6.

Hesabu: ruka mwanzo wa mlio, chukua kimo cha wimbi mahali pawili. Kikishuka kutoka 0.8 hadi 0.2 katika mizunguko 60, logi asilia ya 4 ni 1.386, gawa kwa 60, upate 0.0231. Gawa kwa π: kipeo cha upotevu, yaani namba inayoonyesha kipande kinavyopoteza nishati haraka, ni 0.0074, kiwango cha kawaida kwa mbao. Chora vimo kwa desibeli. Mstari ukipinda, kuna mtetemo mwingine ndani, au umefika kwenye kelele za chumba.

Mninga haujagongwa bado. Vibao vinapimwa uzito kwanza mpaka usibadilike, kwa sababu unyevu huua mlio haraka na kibao kizuri kingeweza kutupwa.