Neno "nimefunga" juu ya Ziwa Kivu

Kumi la pili la Ramadhani ya 2024 lilikuwa ndiyo linaanza shangazi aliponipigia simu kutoka Goma. Alisema barabara ya Sake, mji wa magharibi ya Goma, imekatika kwa vita tangu Februari, ndugu waliokimbia Masisi wamejaa nyumbani kwake, na maharage sokoni hayashikiki. Hakuniomba kitu. Siku ya pili yake nilikuwa bandarini Bukavu na gunia la unga wa muhogo, nusu gunia la maharage na pakiti tano za tende, nikitafuta meli ya usiku.

Nilifungulia hapo hapo bandarini, kwa tende na maji. Wakati wa kupanda nikamkuta Mwalimu wangu wa chuoni, aliyenifundisha alifu na bee kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, nikiwa na miaka sita. Ni mzee wa Kasongo, kule Maniema, ambako dini ilifika na misafara ya karne ya 19, na Kiswahili chake bado kina ladha ya pwani. Alikuwa anakwenda kuhani msiba. Nikambebea mfuko wake, tukakaa pamoja kwenye benchi la chini.

Kutoka Bukavu hadi Goma ni kilomita kama 100 za maji. Usiku ule ziwa lilikuwa limetulia. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa, walikuwa kazini, mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zao zinaelea gizani, na mara moja moja tukisikia wanaimba. Nilisoma juzuu ya siku ile kwenye simu mpaka macho yakachoka. Moyoni nilikuwa najisikia vizuri, kusema kweli vizuri kupita kiasi. Tangu mwezi uandame sikukosa tarawehe hata moja, na nilikuwa nimeshaamua kwamba hata safari haitanifanya nile mchana.

Karibu na kisiwa cha Idjwi injini ikazima. Mafundi wakahangaika nayo, ikawaka, ikazima tena. Daku tukaila palepale, mayai ya kuchemsha na chai ya chupa, kisha tukaswali alfajiri huku meli ikijizungusha yenyewe na kibla kikituhama. Ilipowaka tena jua lilikuwa juu na upepo umeamka. Mawimbi ya Kivu yakianza yanapiga ubavuni, na mimi si mtu wa majini. Nilitapika mara mbili.

"Kunywa maji, mwanangu," Mwalimu akasema. "Wewe ni msafiri."

"Hapana, Mwalimu. Kutapika bila kukusudia hakubatilishi saumu."

"Najua. Mimi ndiye niliyekufundisha."

Akafungua chupa yake, akasema Bismillahi, akanywa taratibu mbele ya abiria wote. Watu wakamtazama, mzee wa kanzu na kofia anakunywa maji mchana wa Ramadhani. Niliona haya kwa niaba yake. Nililitazama ziwa kana kwamba simjui.

Ndipo kijana wa mizigo akapita na katoni kichwani, meli ikayumba, mguu wake ukatua juu ya gunia langu na unga ukamwagika kidogo. Nikasimama. Niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa, mengine yalimgusa mama yake. Kijana akabaki na katoni yake kichwani, hajibu kitu. Na mimi, mbele ya watu wote, nikamalizia kwa sauti, "Na ushukuru Mungu nimefunga!"

Nikakaa. Mwalimu hakusema chochote kwa muda mrefu, mpaka nikadhani hatasema.

"Hilo neno la mwisho, umemwambia nani?"

Nikanyamaza.

"Mtume, rehma na amani zimshukie, katufundisha mtu akikutukana useme mimi nimefunga. Ni neno la kujifunga mdomo wewe mwenyewe. Kijana hakukutukana. Umelichukua neno la saumu ukampigia nalo."

Hadithi ile naijua kwa moyo, imo katika Bukhari na Muslim. Niliwahi kuwasomea watoto msikitini. Nilikuwa sijawahi kuisikia kama nilivyoisikia pale, na harufu ya matapishi bado ipo kooni.

Akanisogezea chupa. Hakunisomea aya, hakukuwa na haja. Aliye mgonjwa au safarini atahesabu siku nyingine, na Mwenyezi Mungu anatutakia yaliyo mepesi. Miaka yote nilikuwa naielewa ruhusa ile kuwa ni ya wazee na wanyonge. Kiburi ndicho kilichokuwa kimenishika, nacho hakina njaa wala kiu. Nikanywa. Hayakuwa maji rahisi kuyameza.

Tulifika Goma saa sita mchana. Pikipiki ikanipakia na magunia yangu, tukapita juu ya ardhi nyeusi iliyoachwa na Nyiragongo mwaka 2002, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikiteremka na makaa na miti ya kujengea. Mjini kila ukuta ulikuwa na mtu aliyeuegemea na kifurushi chake.

Kwa shangazi nilihesabu watu 17. Magharibi, saa kumi na mbili na robo hivi, ikaja sinia ya uji, mihogo na sambaza. Watoto wa Sake walikuwa wamezunguka tende zangu. Mmoja wa binamu akasema, "Kaka katoka Bukavu usiku kucha na amefunga, mpeni yeye wa kwanza." Wote wakanigeukia. Kukaa kimya tu kungetosha, nisingehitaji hata kusema uongo kwa mdomo.

"Leo sikufunga," nikasema. "Nilikunywa maji melini. Wape waliofunga."

Shangazi alinitazama kidogo, akampa mtoto wa kwanza tende, kisha na mimi akanipa ya kwangu. Tarawehe ile niliswali nyuma kabisa, karibu na viatu, na sikuhesabu rakaa.

Siku ya tatu nikarudi bandarini mapema, na pakiti moja ya tende niliyoiomba kwa shangazi. Nilimkuta yule kijana ameketi juu ya magunia ya saruji akingoja kupakia. Nikamwambia mimi ni yule aliyekutukana juzi, unga ulipomwagika, nimekuja kuomba msamaha.

Alinikodolea macho, akitafuta. Hakunikumbuka.

"Ni siku gani hiyo? Ku bato batu banatutukana kila siku, papa." Yaani melini watu wanawatukana kila siku.

Akaipokea ile pakiti, akaitia ndani ya shati, kwa kuwa na yeye, kumbe, alikuwa amefunga. Kisha akainama akanishikia mfuko wangu.