Siku moja na kaseti 12 mpya za Famicom

Saa 2:00 asubuhi, Mlandege, Unguja. Mezani zipo bodi 12 mpya za kuundia kaseti za gemu, za aina nyepesi kuliko zote: chipu ya programu yenye kilobaiti 32 na chipu ya picha yenye kilobaiti 8, basi. Mashine ni Famicom ya Nintendo, ya kuchezea gemu za video, iliyotoka Japani 1983, pamoja na mashine za kopi zinazotumia kaseti hizohizo za meno 60.

Naanza na mita, kaseti isiguse mashine kwanza. Jino la 1 na la 16 ni graundi; la 30 na la 31 ni volti 5. Mita ikilia kati ya la 1 na la 30, hiyo ni shoti, na mzigo wake utaangukia kidhibiti umeme cha mashine. Leo imelia bodi moja: tone la risasi ya kulehemu limeziba nafasi kati ya matundu mawili ya kapasita. Napima pia unene. Bodi iwe milimita 1.2, ya milimita 1.6 huingia kwa nguvu na kutanua soketi, na kaseti nyingine zote zitakazofuata zitalegea.

Saa 3:00. Kuchoma chipu, yaani kuiandikia data. Faili la gemu lina baiti 40,976: kichwa 16, programu 32,768, picha 8,192. Kichwa ni cha kuielekeza emuleta tu (programu ya kompyuta inayoiga mashine), hivyo kikatwe. Kikibaki, kila kitu kinasogea nafasi 16, prosesa inakwenda anwani $FFFC kutafuta pa kuanzia na kukuta takataka.

Chipu zote mbili natumia 27C256, ya kilobaiti 32. Upande wa picha gemu inahitaji robo tu ya chipu hiyo, na kwenye bodi hizi miguu ya 26 na 27 imeungwa volti 5, kwa hiyo mashine inasoma robo ya mwisho peke yake, kuanzia $6000. Anayeweka picha mwanzoni mwa chipu atapata skrini isiyo na maana. Mimi hurudia kilobaiti 8 zilezile mara 4, chipu ikajaa.

Mtego mkubwa ni chipu nyingine, 28C256. Ukubwa sawa, miguu 28 sawa, lakini laini yake ya anwani A14 iko mguu wa 1 na mguu wa 27 ni wa kuandikia. Kwenye 27C256, A14 ni mguu wa 27. Ukiichomeka bila kubadilisha waya, nusu ya chini ya programu haisomeki.

Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, usikimbilie kufuta. Rudia data ileile juu yake. Biti za 27C256 hutoka 1 kwenda 0 tu, hivyo hakuna kinachoharibika. Kufuta ni taa ya urujuanimno, dakika 15 hadi 20. Dirisha la chipu lizibwe kwa stika isiyopitisha mwanga: jua la moja kwa moja linaweza kuifuta kwa takriban wiki moja.

Saa 5:00. Kulehemu, na kapasita ya nanofaradi 100 kando ya kila chipu.

Saa 8:00, baada ya adhuhuri na chakula. Sasa kaseti zinaingia kwenye mashine. Saba zimewaka safi. Tano zina kasoro, na hapa sigusi pasi ya kulehemu kabla sijaisoma skrini, maana yenyewe inataja waya uliokatika.

Ya kwanza: rangi moja, kimya. Programu haisomwi. Jino la 44, linaloiamsha chipu ya programu, halikufika mguu wa 20 wa chipu hiyo, risasi haikushika.

Ya pili: gemu inakwenda, lakini mistari ya wima inajirudia kila nukta 8. Kila baiti ya picha ni safu ya nukta 8, na kila biti ni nguzo yake. Kwa hiyo ni laini moja ya data. Mguu wa chipu umejikunja chini badala ya kuingia tunduni.

Ya tatu: maumbo sahihi, rangi mbili tu badala ya nne. Hiyo ni laini ya anwani A3 ya chipu ya picha, inayotenganisha tabaka mbili za kila kigae, yaani mraba wa nukta 8 kwa 8. Ingekuwa A0, safu zingejirudia mbili mbili; ingekuwa A12, wahusika wangevaa picha za mandhari.

Ya nne: gemu ya kutembea kando, lakini ukingoni inaleta picha ya nyuma. Jino la 18, linaloamua ukurasa upi wa skrini usomwe, limeungwa A11 ya picha badala ya A10. Hamisha tone la risasi, wala usiunge zote mbili: utazifungamanisha laini zenyewe na kuvuruga picha yote.

Ya tano: haina sauti. Famicom hupitisha sauti ndani ya kaseti, inaingia jino la 45 na kutoka la 46. Toleo la Marekani la meno 72 halifanyi hivyo, ndiyo maana anayenakili ramani ya huko husahau kipande hiki cha waya. Baadhi ya kopi hazitumii njia hii, hivyo kaseti hupita mtihani kwenye kopi na kunyamaza kwenye Famicom halisi. Ijaribu kotekote.

Saa 11:00 jioni. Meno nayafuta kwa spiriti na pamba, kwa sababu hewa yetu ya bahari ina chumvi. Msasa hapana, unakwangua dhahabu. Kila kaseti inaingia na kutoka mara 5, kisha inawaka dakika 30. Kumi na moja zimefungwa maganda. Ile ya A3 naiacha wazi hadi kesho: ikipata moto, kasoro ya rangi mbili tu inarudi, na nataka kuipima ikiwa bado ya moto.