Sare inayokula pointi

Shemeji yangu kanuna: katoka sare na pointi zake za sataranji zimeshuka. "Sijafungwa, wananikata kwa nini?" Ni hesabu tu, shemeji. Ukimzidi mpinzani pointi 200, mfumo wa Elo, unaopanga viwango vya wachezaji, unatarajia uvune wastani wa 0.76 kwa kila mchezo. Ushindi ni 1, sare ni 0.5, kwa hiyo ukitoka sare unadaiwa. Kizidisho cha hilo pengo kikiwa 20, zinaondoka kama 5, ukifungwa, 15. Yule wa chini akitoa sare anaokota hizo 5, na akipigwa hapotezi zaidi ya 5.

Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, wao hutumia Glicko-2, mfumo mwingine wa viwango unaopima pia uhakika wa kiwango chako. Ndiyo maana akaunti mpya, inayoanzia 1500 ikiwa na alama ya kuuliza, huyumba kama mlevi. Mimi huwatafuta walionizidi. Shemeji anapenda vibonde, basi avumilie.