Harufu ya stoo

Jana mvua ya kwanza imepiga, ile ya kudanganya, mwanangu kaingia stoo kutoa ndoo karudi kaziba pua, "Baba, mbona huku kunanuka kama uyoga?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Hiyo harufu naijua, nimeshawahi kuipangisha.

Mzee ana karavani pale Nkuhungu, Dodoma, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, limekaa juu ya matofali tangu alinunue kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao Uingereza, kuku wanataga chini yake. Sasa 2017 watu wa wizarani wanahamia Dodoma, vyumba havishikiki, nikaona mbona mimi ninacho chumba chenye matairi? Bachela mmoja akalipa miezi sita, anahamia Jumamosi. Siku hiyo ni Jumatano, Januari, mvua zimekolea.

Nikamwita fundi seremala. Kona ya nyuma, chini ya dirisha, plaiwudi imevimba kidogo, ina rangi ya chai, mimi nikasema uchafu tu huo tupige rangi. Fundi hakujibu. Akaweka ncha ya bisibisi pale, hakugonga, akaegemeza tu mkono, ikazama mpaka kwenye mpini kama anachoma papai lililoiva. Akaichomoa taratibu, kwenye tundu kikatoka kitone cha maji ya kahawia, kikateremka ukutani, kikafuatwa na kingine. Akaanza kubandua kwa vidole, inatoka tabaka tabaka kama chapati, nyuma yake lile povu jeupe kama la kwenye maboksi ya tivii, limelowa chapachapa, na mbao za fremu nyeusi, ukizifinya zinatoa maji. Harufu ikatujaa. Akamega kipande akaniwekea kiganjani, "Shika bosi, hii ndiyo inayobeba nyumba yako."

Mzee yuko nje kwenye kigoda, hata hajageuka: maji hayaingilii hapo, pandeni juu. Kweli bwana, pale paa linapokutana na ubavu ile gundi ya kuzibia imekaushwa na jua miaka yote hiyo, imepasuka kama visigino, maji yanaingia juu yanatembea na mbao ndani kwa ndani, yanakuja kujionyesha chini.

Mzee akaongeza, "Zibeni juu, humu ndani acheni wazi pakauke. Jua la Dodoma halina bili."

Fundi akakadiria wiki tatu ndio abadilishe mbao. Wiki tatu! Na kodi nusu nishaila. Tukaziba juu kwa silikoni, ndani tukapigilia plaiwudi mpya juu ya ubovu, tukapaka rangi ya maziwa, ikapendeza kweli. Mzee akaangalia, akaenda zake kunywa chai.

Mwezi wa tatu jamaa kaniita usiku, kashika suti yake ya kazini, mabega yote ukungu wa kijani. Na juu hapakuvuja tena hata tone, ni yale maji tuliyoyafungia wenyewe. Hakugomba. "Kaka, wewe ungelala humu?" Nikamrudishia hela yake kwa mafungu, nadhani mawili hayajamfikia mpaka leo.

Leo asubuhi nimesogeza kabati la stoo. Rangi niliyopaka juzijuzi imefanya malengelenge pale chini. Nimechukua bisibisi, nimeishikashika weee, nimeirudisha. Mtoto nimemwambia ni viatu.